Pumzi za mtoto: 44, 52 au 60?

Swali la mama mmoja wa Keshero, Goma:

"Jambo muganga. Mtoto wangu ana miezi minane, leo ni siku ya tatu anakohoa. Jana jioni reko, yule mhudumu wa afya wa jamii, wa avenyu yetu alipita, akamhesabu pumzi, akapata 52, akasema tumpeleke kituoni. Usiku mtoto akiwa amelala nikahesabu mwenyewe, nikapata 44. Asubuhi baba yake akahesabu sekunde 15, akazidisha mara nne, akapata 60, ila mtoto alikuwa ametoka kulia. Tushike namba gani? Baba yake anasema Goma iko juu, hewa ni nyepesi, watu wote wa hapa wanahema haraka, na hizo namba ni za watu wa mahali pengine. Halafu kuna mama mkwe wangu wa miaka 70. Nilimhesabu naye nikapata 26, na kile kimashine cha kidole kinaandika 93 na 98. Ni vibaya?"

Jambo mama, na pole kwa kuuguza. Nianze na lile lisilongoja: mpeleke mtoto kituo cha afya leo hii, haya mengine utayasoma ukirudi. Mtoto wa miezi minane mwenye kikohozi, akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika nzima huku ametulia, tunasema anapumua haraka, na ni lazima achunguzwe nimonia. Reko wenu alipata 52. Kama alikaa dakika nzima akitazama tumbo la mtoto aliyetulia, yake ndiyo namba ninayoiamini kuliko hizo mbili nyingine.

Wengi wetu huku tunasema mtoto "anahema", na hapo tunamaanisha kupumua tu. Mtu wa Mombasa au Unguja akisikia "anahema" anaelewa kwamba mtoto anatweta. Kwa hiyo katika jibu hili nitasema kupumua, na haraka nitaipima kwa namba. Neno "haraka" peke yake limewapoteza wengi: mama anasema mtoto anapumua haraka, bibi anasema ni kawaida ya watoto, na siku mbili zinapita.

Namba zenu tatu hazigombani. Kila moja imesema kweli ya saa yake. Mtoto akilala, mwili unapunguza kazi na pumzi zinapungua nao. Kwa hiyo 44 ya usingizini haiifuti 52 ya akiwa macho. Mtoto aliyetoka kulia bado ana mbio kifuani kwa dakika kadhaa, hata kama machozi yameshakauka. Mipaka tunayotumia ni ya mtoto aliyetulia, na tunapenda awe macho. Akiwa amelala na bado amefikisha 50, hapo hakuna shaka tena kwamba anapumua haraka, maana hata usingizi haukumshusha.

Hesabu ya baba yake ina tatizo la pili, na hili naomba alisome mwenyewe. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne, kila pumzi moja uliyoiruka inageuka nne. Ukipata 13, jibu ni 52, mtoto ni mgonjwa. Ukipata 12, jibu ni 48, eti ni kikohozi tu. Umeiachia pumzi moja kazi ya kuamua kama mtoto atapata dawa. Tena mtoto mdogo hapumui kama saa ya ukutani. Anakwenda mbio kidogo, anapunguza, anatua, anavuta moja ndefu, anaanza tena. Ukiangukia kwenye mbio zake utamwona mahututi, ukiangukia kwenye kutua kwake utamwona mzima. Katika dakika nzima vyote viwili vinaingia kwenye hesabu.

Hili nimelijua kwa uchungu. Miaka yangu ya kwanza ya kazi, asubuhi moja akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi hadi nje, nikamhesabu mtoto wa miezi kumi kwa nusu dakika. Nikapata 23, nikaandika 46, nikampa mama yake parasetamoli na kumwambia arudi nyumbani. Alirudi usiku, mvua ikinyesha, amempakata mtoto kwenye moto, yaani pikipiki ya abiria, mbavu zikiingia ndani kwa kila pumzi. Mtoto alipona baada ya siku nyingi za oksijeni na sindano. Tangu usiku ule sijakata dakika ya mtoto yeyote, hata mabenchi yakijaa namna gani.

Sasa namna yenyewe. Mtulize kwanza. Akiwa na njaa, mnyonyeshe, lakini usimhesabu akinyonya, maana pumzi zinakatwa na kumeza. Ngoja amalize, apumzike dakika chache. Mweke mapajani, upande wenye mwanga, mlangoni au karibu na dirisha. Usihesabu kwa kutazama pua, na usiweke kiganja kifuani: mkono ukimgusa tu, anabadilisha pumzi. Legeza kikwembe (kitenge), inua nguo mpaka uone pale kifua kinapokutana na tumbo. Mtoto wa umri huu anapumua kwa tumbo zaidi kuliko kwa kifua, kwa hiyo hapo ndipo pa kukaza macho. Tumbo kupanda na kushuka ni pumzi moja. Nimekutana na wazazi wengi wanaohesabu kupanda "moja", kushuka "mbili", wakaja kwangu wamepata 80 au 90 na mtoto anacheka. Ukiona namba ya namna hiyo kwa mtoto mchangamfu, jiulize kwanza kama hukuhesabu mara mbili.

Macho yako hayawezi kutazama tumbo na saa kwa wakati mmoja. Mtu mwingine ashike simu, aseme "anza" na "basi". Kama uko peke yako, weka simu ilie dakika ikitimia, uilaze chini, uisahau. Reko wengine wana kisaa kidogo kinacholia nusu dakika ikifika na kulia tena dakika ikitimia. Mlio wa kwanza si wa kusimama. Nimeona watu wakisimama pale, wakaandika namba bila hata kuizidisha, na mtoto wa 56 akawa mtoto wa 28 kwenye karatasi.

Kuna jambo jingine ambalo sijalisikia likifundishwa, nalo ni la lugha yetu. Mtoto anayepumua mara 50 anakupa sekunde moja na kidogo tu kwa kila pumzi. Jaribu kusema "arobaini na saba, arobaini na nane, arobaini na tisa" kwa mwendo huo. Ulimi unabaki nyuma, na mwisho unahesabu kwa mwendo wa ulimi wako badala ya tumbo la mtoto. Kwa hiyo usivuke kumi. Weka punje chache za maharage pembeni. Hesabu moja hadi kumi, sogeza punje moja, rudi kwenye moja. Dakika ikiisha una punje nne na mbili za juu: 42. Punje tano, umefika mpaka. Mama ambaye hajasoma hata darasa moja anaweza kufanya hivyo, na nimewaona wakifanya vizuri kuliko wanafunzi wa uuguzi.

Mtoto akilia au akikohoa mfululizo katikati ya hesabu, acha, anza upya. Namba ikiangukia karibu na mpaka, tuseme 48 au 51, rudia mara ya pili baada ya dakika chache. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, kurudia ni lazima ukipata 60 au zaidi, kwa sababu pumzi zao hazina mpangilio kabisa. Wanaweza hata kusimama sekunde tano hadi kumi kisha wakaendelea kama hakuna kilichotokea, na mama aliyejifungua mara ya kwanza anapiga yowe. Kutua huko kufupi ni kwa kawaida kwa mtoto mchanga mwenye rangi nzuri na anayenyonya. Akisimama sekunde 20, au akibadilika rangi, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Mipaka yenyewe, kwa mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida, ni hii: chini ya miezi miwili, 60, kuanzia miezi miwili hadi asijatimiza mwaka, 50, kuanzia mwaka hadi asijatimiza miaka mitano, 40. Akifikisha namba hiyo au kuipita, anapumua haraka. Angalia kwamba mtoto wako akitimiza mwaka, zile 44 za usingizini hazitakuwa nzuri tena. Mpaka unabadilika siku ya kuzaliwa kwake, na wazazi wengi wanakariri namba moja tu kwa watoto wote wa nyumba.

Wala usidhani kwamba chini ya mpaka ndiyo afya tele. Mwaka 2011 watafiti wa Oxford walikusanya vipimo vya watoto kutoka tafiti nyingi, wakaona kwamba mtoto wa katikati anapumua mara 44 kwa dakika anapozaliwa, na anashuka hadi 26 akifika miaka miwili. Mtoto wako yuko kati ya hizo mbili. Kwa hiyo hata 48 kwake ni namba ya kutazamwa, ya kuhesabiwa tena jioni na kesho asubuhi.

Nije kwenye hoja ya baba yake, maana nimeisikia Goma kwa miaka mingi na haikutoka kwenye ujinga. Ni kweli tuko juu. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, na mji umepanda kutoka hapo. Kila pumzi ya hapa ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na pumzi ya Dar es Salaam. Lakini je, upungufu huo unatufanya tupumue haraka tukiwa tumekaa? Hapana. Sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi inapima zaidi gesi ya kaboni iliyomo mwilini kuliko oksijeni. Gesi hiyo ikijaa, tunaharakisha, ikipungua, tunapunguza. Ukosefu wa oksijeni unaanza kutusukuma kwa nguvu tukipanda juu zaidi sana. Waulize vijana waliokuwa wakiwapandisha wageni mlima wa volkeno wa Nyiragongo, kwenye mita 3,470, watakwambia pumzi zinavyokuwa kule juu. Huku chini, mtoto mzima aliyetulia anapumua karibu sawa na mtoto wa pwani.

Na kuna jambo ambalo natamani kila mzazi wa Goma na Bukavu alijue. Namba hizi hazikuanzia kwenye hospitali ya ufukweni Ulaya. Miaka ya 1980 daktari Frank Shann na wenzake walikuwa wakifanya kazi Goroka, mji wa milimani huko Papua New Guinea, ulioko kwenye mita zinazokaribia 1,600, yaani juu kidogo kuliko sisi. Watoto walikuwa wengi, madaktari wachache, picha za mapafu hazipatikani vijijini. Wakatafuta dalili ambayo mhudumu wa kawaida angeweza kuiona bila chombo. Mwaka 1984 walichapisha walichokiona: mtoto mwenye kikohozi anayepita pumzi 50 kwa dakika ndiye wa kupewa dawa ya kuua vijidudu, na yule ambaye kifua kinaingia ndani ndiye wa kulazwa. Baadaye Shirika la Afya Duniani likaigawa ile 50 kwa umri, tukapata 60, 50 na 40 za leo. Mwambie baba yake kwamba hizo ni namba za watu wa milimani, zilizotafutwa kwa ajili ya watu wenye hali kama yetu.

Lakini ukishahesabu, usifunike mtoto haraka. Macho yako bado yako kifuani, tazama zaidi. Akivuta hewa, je, sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani badala ya kutoka nje? Mtoto mzima akivuta hewa, kifua na tumbo vinapanuka pamoja. Kifua cha chini kikiingia ndani kwa kila pumzi akiwa ametulia, mapafu yamekuwa magumu na mtoto anayavuta kwa nguvu. Dalili hiyo inampeleka kituoni hata kama umehesabu 38. Tazama pua kama zinapanuka kwa kila pumzi. Sikiliza kama anaguna mwishoni mwa kila pumzi, mguno mfupi kama mtu anayebeba gunia, au kama ana sauti ya kukwaruza anapovuta hewa na hajalia. Na kama hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea haamki vizuri, au midomo na ulimi vimegeuka rangi ya kijivu au buluu, acha saa, acha maharage, ita moto uende hospitali.

Nikae kidogo kwenye jambo moja linaloua kimya kimya. Mtoto mgonjwa anapumua 70 jioni, mbavu zinaingia, anahangaika. Usiku wa manane anatulia. Unahesabu: 50, halafu 40, halafu 30. Nyumba nzima inashukuru Mungu, dawa imefanya kazi. Wengine wanazima taa walale. Mama, mtoto anayepona anashuka pole pole huku anafungua macho, anataka ziwa, anakutafuta. Mtoto aliyechoka anashuka huku analegea, hanyonyi, hakutazami. Misuli ya kupumua imeishiwa nguvu, na baada ya hapo pumzi zinasimama. Namba inayoshuka haisomwi peke yake, inasomwa pamoja na uso wa mtoto. Usiku wa namna hiyo mwamshe, mpe ziwa. Asipoamka vizuri au asiposhika ziwa, usingoje kuche.

Homa nayo inapandisha pumzi. Mwili ukichemka, kila digrii inaongeza pumzi kadhaa. Ndiyo maana muganga anaweza kumpa mtoto parasetamoli, akangoja homa ishuke, akahesabu tena. Hiyo ni kazi ya kufanyia kituoni. Nyumbani usiseme "tungoje homa ishuke ndipo tujue", maana nimonia na malaria zote mbili zinaleta homa na mbio, na zinaweza kukaa ndani ya mtoto mmoja.

Kuna pia mtoto anayepumua haraka na mapafu yake hayana kitu. Malaria ikila damu, mtoto anakuwa mweupe viganjani na anapumua mbio kwa sababu damu iliyobaki haitoshi kubeba oksijeni. Kuhara kukimkausha, au malaria ikiwa kali, damu inaingia asidi, na mwili unajaribu kuitoa kwa njia ya pumzi: zinakuwa nzito, za kina, kama za mtu aliyekimbia kutoka Birere hadi uwanja wa ndege, lakini kifua kinasikika safi. Daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alieleza pumzi za namna hii kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1874, na jina lake limebaki kwenye pumzi hizo hadi leo. Kwa hiyo muganga akikuambia "nimesikiliza kifua, hakuna kitu", na mtoto bado anahesabika 55, usione haya kuuliza: basi mbio hizi zinatoka wapi? Swali hilo linamkumbusha kutazama viganja na kupima malaria.

Sasa kwa sababu unakaa Keshero, sina budi kusema neno juu ya mazuku. Upande huo wa mji, kufuata ziwa kuelekea Bulengo, Mugunga hadi Sake, gesi ya kaboni inatoka ardhini kwenye nyufa za mawe ya volkeno. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu ya kukuamsha, inatuama mashimoni na mabondeni kama maji, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Nilisema ubongo unaongoza pumzi kwa kupima gesi hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu aliyeingia kwenye mazuku pumzi zake zinaenda mbio sana, kichwa kinauma, kizunguzungu, na gesi ikifika kama sehemu 10 kwa 100 ya hewa, anaanguka. Mtoto yuko karibu na ardhi kuliko wewe, ndiye anayezama kwanza. Ikiwa watu wawili watatu wa nyumba moja wameanza kupumua mbio kwa wakati mmoja, au kuku na mbuzi wamekutwa wamekufa kwenye shimo la jirani, usikae kuhesabu. Pandeni mahali pa juu penye upepo. Na aliyeanguka ndani ya shimo hafuatwi kwa kuinama na kushika pumzi. Hivyo ndivyo tunavyozika wawili badala ya mmoja.

Mbabula ya makala, yaani jiko la makaa, ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari ya namna nyingine, na watu wanachanganya hizi mbili. Ile gesi ya makala, monoksidi ya kaboni, haiuamshi ubongo. Mtu anaweza kupumua 16 kwa dakika, kwa utulivu, huku damu yake inakosa oksijeni, na kile kimashine cha kidole kinamdanganya kwa namba nzuri kwa sababu hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba gesi hiyo. Hapo hesabu ya pumzi haikusaidii. Toa mbabula nje kabla ya kulala, hata kama baridi inatoka Nyiragongo.

Nimalizie na mama mkwe, usimwache nyuma. Mtu mzima aliyekaa anapumua kati ya 12 na 20 kwa dakika. Kumhesabu mtu mzima kuna ugumu wake: akijua unamhesabu, anaanza kuzipanga pumzi zake, na akiongea hesabu imeharibika. Sisi tunamshika mkono kama tunapima mapigo ya moyo, na huku macho yako kwenye kifua au kwenye kikwembe kinavyopanda na kushuka. Mhesabu tena hivyo, akiwa amekaa, amepumzika nusu saa bila kupanda ngazi wala kubeba ndoo, dakika nzima.

Kile kimashine hakihesabu pumzi. Ile 93 ni kiasi cha oksijeni kwenye damu, na ile 98 ni mapigo ya moyo. Nimeona watu wakisoma mapigo 98 wakadhani ndizo pumzi, wakamkimbiza mzee hospitali usiku. Na wengine wakasoma oksijeni 93 wakatulia. Kwa mwinuko wetu, 93 kwa mama wa miaka 70 si namba ya kutisha ikiwa peke yake, maana hapa sote tuko chini kidogo ya watu wa pwani. Lakini haiko peke yake, iko pamoja na 26. Oksijeni inaweza kubaki nzuri kwa muda mrefu kwa sababu tu mwili unafanya kazi ya ziada kuitafuta, na kazi hiyo ya ziada ndiyo 26 uliyoihesabu. Kwenye jedwali la alama ambalo chuo cha madaktari wa London kilitoa mwaka 2012 kwa ajili ya kuwagundua wagonjwa wanaozidiwa, mtu mzima anayepumua mara 25 au zaidi anapewa alama ya juu kabisa ya kipengele hicho, sawa na anayepumua mara 8 au chini.

Kwa hiyo ukirudia ukapata tena 25 na zaidi, naye aonwe leo pamoja na mjukuu. Kabla ya kutoka, muulize mambo matatu ambayo muganga atayataka: kama analala na mito mingi kwa sababu akilala chali anakosa hewa, kama miguu inavimba jioni, na miaka mingapi amepika jikoni kwenye moshi. La kwanza na la pili yanaelekeza kwenye moyo, la tatu kwenye mapafu yaliyochoka kwa moshi, na magonjwa hayo mawili yanatibiwa tofauti kabisa. Akiwa na kikohozi na homa, pumzi zikafika 30, au akianza kuchanganya maneno, hiyo tayari ni hospitali kubwa.

Usipite famasi ya barabarani kununua amoksisilini ya mtoto kwa kukadiria. Kipimo chake kinafuata kilo, siku ni mara nyingi tano, na mtoto aliyepewa vidonge viwili akaacha anatupa kazi ngumu zaidi wiki inayofuata.

Chukua kipande cha karatasi, andika hivi: jana jioni, reko, 52, na kama alihesabu dakika nzima mtoto akiwa macho na ametulia. Usiku, amelala, 44. Asubuhi, baada ya kulia, sekunde 15, 60. Mkabidhi muganga karatasi hiyo, kisha mwombe kwa heshima ahesabu mwenyewe mbele yako, kwa dakika nzima, wewe ukiwa umemshika mtoto na umeinua nguo yake.